Mbo

Nilianza kwa adabu. Niliandika jambo.
Mashine ikaimeza j, ikashuka mstari mmoja,
a ikafungua mlango kimyakimya,
na kilichobaki kwenye kioo ni
mbo.

Mbo, saa mbili usiku, Himbi,
betri za jua zimebakiwa na nusu pumzi,
jenereta ya jirani inakohoa
ng'ambo ya ukuta wa mawe meusi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya mtama:
programu ya kuhesabu maji pale bombani Ndosho
ilihesabu bidoni moja mara mbili.
Akina mama walilalamika wiki nzima.
Mstari mmoja tu, niliwaambia,
nitaunyoosha kabla ugali haujapoa.
Ila kompyuta ya ofisi haijui madirisha wala kipanya.
Ina kihariri kimoja kilichonizidi umri,
kilichozaliwa enzi kila herufi ilipita kwenye waya mwembamba
kama mtu anayevuka mpaka na karatasi mkononi.

Kavira Masika ndiye aliyekizoea. Kahamia Butembo.
Ameacha kikaratasi chini ya kioo,
mwandiko wake ule wa kuinamia kushoto:
h kushoto, l kulia, j chini, k juu.
Kuna kuendesha, kuna kupakia. Usichanganye.
Ni chukudu tu.
Mstari wa mwisho, wa namna ya kutoka,
umenywewa na chai.

Chukudu! Nimezisukuma tangu nina miaka kumi,
magunia ya makaa kutoka Kibumba,
goti moja juu ya mbao, mguu wa pili unapiga lami,
na sijaona mtu akipakia viazi katikati ya mteremko.
Basi nikaelewa. Kichwa kilielewa;
vidole viliendelea kupakia mteremkoni.
Niligonga d, nikagonga d tena kwa hasira,
na mstari mzima, bei ya maji ya mtaa wote,
ukatoweka.

Jasho.

Kisha u. Niligonga u kwa kubahatisha,
ile u ya "u mzima?", ya "u hali gani?",
na mstari ukarudi mahali pake
kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Juu kabisa, pembe ya kushoto, kipo kitufe cha kutoroka.
Sisi wa Goma kutoroka tunakujua:
godoro kichwani, sufuria mkononi, mlima umewaka nyuma,
nusu ya mji inaelekea Sake, nusu Gisenyi.
Nilikigonga nikitarajia kwenda mbali.
Hakikunipeleka popote. Kilinirudisha
pale vidole vinapotembea bila kuandika,
vikipita juu ya maneno ya Kavira bila kuyakanyaga.
Nikapanda k, k, k, hadi mstari wa kwanza,
alikojiandikia, mahali mashine haisomi:
msinicheke, nilikuwa na usingizi.

Bidoni nikairekebisha. Mara mbili ikawa mara moja.
Kutoka ndiko kulikonishinda.
Saa nne. Saa tano. Nikampigia.
Alicheka mpaka mtandao ukakatika,
akapiga tena mwenyewe:
"Nukta pacha. W, hifadhi. Q, nenda ukalale."

Q! Herufi ambayo Kiswahili hakijawahi kuipa kazi,
imekaa kwenye kibodi miaka yote
kama mlinzi anayesinzia,
kumbe ndiyo yenye ufunguo wa lango.

Asubuhi, Ndosho, mama mmoja alilipia bidoni moja,
akaandikiwa moja. Hakushukuru;
alijitwika, akaenda zake.

Na mimi jioni nikamwandikia mama yangu Bukavu:
niko salama, nimekula, msalimie Nsimire:wq

Akajibu: huyo wq
ni wa ukoo gani?